Mabua yenye ukungu msiwape ng'ombe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mmetuhimiza wafugaji tusichome mabaki ya mazao shambani, tuwalishe ng'ombe, na mimi sina ubishi, mabua ni chakula cha bure, ila mmeruka jambo ambalo naona ndo lilitakiwa lianze.

Ni hii tabia yetu ya kusema mahindi yameota ukungu, sisi hatuwezi kula, basi mtupie ng'ombe. Mi mwenyewe nimefanya sana. Kuna siku nimefunua lundo la mabua nililofunika turubai kabla hayajakauka vizuri, vumbi la kijani likanipanda puani nikapiga chafya kama mara tano hivi, na bado nikayabeba mpaka kwenye hori, ng'ombe akanusa akageuza kichwa nikasema huyu anadeka tu, kumbe ana akili kunizidi.

Huo ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wenyewe, ile aflatoksini, na haiishii tumboni mwa mnyama, ini lake linaigeuza alafu sehemu inatokea kwenye maziwa, siku moja tu ishaingia. Na msidhani kuchemsha kunasaidia, moto unaua bakteria lakini hii sio mdudu, inabaki palepale, na anayekunywa maziwa kwa wingi nyumbani ni mtoto. Uzuri wake ukiacha kumlisha hicho chakula, baada ya siku chache maziwa yanakuwa safi.

Kingine ni ukame. Mtama uliokatwa ukachipua tena, yale majani mafupi mabichi yana sianidi, sumu kali, ng'ombe mwenye njaa akiyavamia anaweza kufa hata kabla daktari hajafika. Hiyo ukikausha vizuri inapungua. Lakini mahindi yaliyodumaa kwa jua na mbolea ya chumvichumvi ilimwagwa nyingi, yanabeba naitreti, nayo ikizidi ni sumu kwa ng'ombe, na hiyo kukausha hakuiondoi! Inajazana chini ya bua, ndo maana ukikata inafaa uache sentimita 15 mpaka 30 ardhini. Dawa za kupulizia mazao nazo zina siku zake za kusubiri kabla ya kumlisha mnyama, zipo kwenye lebo, tatizo nani anasoma.

Naomba mtutafutie daktari wa mifugo aandike kuhusu hili, hasa kwa sisi tunaonunua marobota ya malisho kwa watu, maana robota kwa nje linang'aa kabisa, lipasue katikati ndo utakutana na mambo.

Mfugaji, msomaji wenu