Barua ya wazi kwa Rais wa FIA: Msiwafungie mlango wanaofukuza

Kwa Mheshimiwa Mohammed Ben Sulayem,
Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA)

YAH: TIMU MOJA KUTAWALA MBIO ZA FORMULA 1

Mheshimiwa Rais,

Nakuandikia nikiwa shabiki. Si mhandisi wala mwanasheria, na simwakilishi mtu yeyote zaidi ya wale wanaokaa mbele ya runinga kila wikendi ya mbio wakiomba Mungu safari hii waone ushindani.

Msimu wa 2023 Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22. Max Verstappen peke yake alishinda 19, kumi kati ya hizo mfululizo, kuanzia Miami hadi Monza, Italia. Mbio pekee zilizowaponyoka ni za Singapore, na hata leo ukitutajia msimu ule, hizo ndizo tunazozisimulia. Carlos Sainz wa Ferrari alikuwa mbele, matairi yake yamechoka, nyuma yake Lando Norris wa McLaren, na nyuma ya Norris Mercedes mbili zenye matairi mapya zikija kwa kasi. Sainz akapunguza mwendo kwa makusudi ili Norris abaki karibu naye, apate kutumia DRS (sehemu ya bawa la nyuma inayofunguka kumwongezea kasi dereva aliye karibu na wa mbele) na kujikinga na wale waliokuwa wakimfukuza. Akamfanya mpinzani wake kuwa ngao yake. George Russell wa Mercedes akagonga ukuta kwenye mzunguko wa mwisho kabisa. Wengi wetu tusioipenda Ferrari hata kidogo tulishangilia, kwa sababu tulifika kwenye bendera bila kujua nani atashinda.

Mbio za namna hiyo zilikuwa moja tu kati ya 22. Hilo ndilo linalotuuma.

Naomba nieleweke mapema. Sina kinyongo na mshindi. Verstappen aliendesha msimu ule kwa ustadi ambao huenda tusiuone tena kwa miaka mingi, na waliounda gari lake walifanya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, umekaa nyuma ya usukani na kuchukua ubingwa wa rali wa Mashariki ya Kati mara 14. Unajua utamu wa kushinda mfululizo, na unajua kwamba anayeshinda kihalali hana kosa la kujibu. Kwa hiyo sikuombi umpunguze mtu kasi. Ombi langu linahusu wanaomfukuza.

Wapo watakaokuambia kwamba mashabiki tunalalamika bure, mchezo huu umekuwa hivi tangu zamani. Ni kweli McLaren walishinda mbio 15 kati ya 16 mwaka 1988. Ni kweli Ferrari walishinda 15 kati ya 17 mwaka 2002, na Michael Schumacher akatangazwa bingwa mwezi Julai, zikiwa zimebaki mbio 6. Mwaka 2023 Verstappen naye alimaliza kazi zikiwa zimebaki Grand Prix 6, yaani mbio kuu za Jumapili, tena yeye alimaliza Jumamosi, kwenye mbio fupi za Qatar. Mercedes nao walichukua ubingwa wa timu mara nane mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2021. Lakini jambo kutokea mara nyingi hakulifanyi kuwa jema, na tena enzi hizo zote hazifanani.

Ndani ya McLaren ya 1988 kulikuwa na Ayrton Senna na Alain Prost. Mmoja alishinda mara 8, mwingine mara 7, na ubingwa uliamuliwa kwa tofauti ya pointi 3 baada ya kuhesabiwa matokeo 11 bora ya kila mmoja. Mwaka 2016 Mercedes walishinda mbio 19 kati ya 21, ila Nico Rosberg na Lewis Hamilton walipelekana hadi Abu Dhabi, na Rosberg akachukua taji kwa pointi 5. Timu ilitawala, ndiyo, lakini kila Jumapili kulikuwa na watu wawili wenye gari lilelile na hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake. Ukilinganisha na Austria mwaka 2002, pale Rubens Barrichello wa Ferrari alipoongoza mbio vizuri kisha akaamriwa na timu yake ampishe Schumacher mita chache kabla ya mstari wa kumalizia, utaelewa kwa nini uwanja mzima ulizomea. Schumacher mwenyewe aliona aibu akamsukuma mwenzake apande ngazi ya juu ya jukwaa. Kinachotuchosha zaidi kuliko vyote ni timu moja kuwa mbele ya wote na ndani yake kukawa na mshindi mmoja tu aliyekwishapangwa, kwa amri au kwa sababu mwenzake hana ubavu wa kumfikia. Timu nyingine zinabaki kuwa wasindikizaji. Kamera zenyewe humwacha kiongozi zikaenda kutafuta wanaogombea nafasi ya nane, na wala siwalaumu waongozaji wa matangazo, maana huko mbele hakuna cha kuonyesha.

Sasa niseme chanzo ninavyokiona. Pengo kubwa huzaliwa siku kanuni mpya zinapoanza. Mwaka 2014 zilikuja injini za mseto, za petroli na umeme, na Mercedes wakawa wamejiandaa kuliko wote. Mwaka 2022 yakaja magari yanayonyonywa chini na hewa inayopita chini ya sakafu yake, na Red Bull wakawa wameisoma kanuni ile vizuri kuliko wote. Katika hilo hakuna ubaya, aliyefanya kazi ya nyumbani apate alama zake. Ubaya huja pale kanuni zilezile zinapomfungia mlango aliyechelewa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa injini za 2014. Kwa nia njema ya kubana gharama, maendeleo yalifungwa na kugawiwa kwa tokeni, yaani vibali vyenye hesabu vya kubadili sehemu za injini. Kwa msimu wa 2015 mtengenezaji aliruhusiwa kutumia tokeni 32 kati ya 66. Aliyekosea msingi wa injini yake alitakiwa aishi na kosa hilo akilirekebisha kwa vipimo, wakati aliyepatia hakuhitaji kurekebisha kitu. Honda waliorudi mwaka 2015 waliteseka mbele ya macho yetu sote. Mwaka 2016 Ferrari hawakushinda hata mbio moja. Tokeni zikafutwa kuanzia 2017, Ferrari wakashinda mbio 5 mwaka huo na 6 mwaka uliofuata, na Sebastian Vettel akawa mpinzani wa kweli wa Hamilton. Najua kanuni za bodi na matairi nazo zilibadilika mwaka 2017, kwa hiyo sisemi ni tokeni peke yake. Nasema miaka mitatu ilipotea wakati shirikisho lilikuwa na ufunguo mfukoni.

Kuna jambo ambalo FIA mlilifanya vizuri, na haki inanitaka nilitaje. Utaratibu wa kugawa muda wa majaribio kwenye handaki la upepo (panapopimwa hewa inavyopita kwenye gari) na kwenye kompyuta kulingana na msimamo wa timu ni mzuri. Bingwa anapata asilimia 70 ya kiwango cha msingi, wa pili 75, na kushuka hivyo hadi wa kumi anayepata 115. Hakuna gari linaloongezewa uzito, hakuna dereva anayerudishwa nyuma. Anayefukuza anapewa muda zaidi wa kujifunza, basi. McLaren walianza msimu wa 2023 bila pointi katika mbio mbili za kwanza. Kufikia Silverstone, Uingereza, mwezi Julai, Norris alikuwa wa pili. Mwaka 2024 Verstappen alishinda mbio 7 kati ya 10 za kwanza, tukadhani ni yaleyale, kisha akakaa mbio kumi bila ushindi. Ubingwa wa timu ukaenda hadi mbio za mwisho: McLaren pointi 666, Ferrari 652. Kanuni za magari zilikuwa ni zilezile. Wafukuzaji walipewa muda, na wakafika.

Hata 2025, McLaren walipojihakikishia ubingwa wa timu mapema kule Singapore, ubingwa wa madereva haukuwa umekwisha. Verstappen alikuwa nyuma ya Oscar Piastri wa McLaren, aliyeongoza wakati huo, kwa pointi 104 baada ya mbio za Zandvoort, Uholanzi, na mwisho wa msimu Norris alimzidi kwa pointi 2 tu, huku Piastri akiwa hayuko mbali. Msimu kama huo unamfanya mtu aache shughuli zake.

Ndiyo maana nasikitika kila ninaposikia mapendekezo ya kuchangamsha mbio kwa nguvu. Monaco mwaka 2025 mliweka sharti la kila dereva kutumia angalau seti tatu za matairi. Tuliona nini? Timu zikamtumia dereva mmoja kutambaa barabarani kuzuia msafara, ili mwenzake apate nafasi ya kuingia piti kubadili matairi bila kupoteza kitu. Watu wenye magari ya kasi ya ajabu wakaendesha polepole kwa faida. Vivyo hivyo kwa wazo la kupindua gridi (mpangilio wa kuanzia mbio), au kumbebesha mshindi uzito kama yafanyavyo mashindano mengine. Ushindi utakaopatikana hapo hatutauamini. Tunataka Verstappen, au yeyote atakayekuwa juu, ashindwe na gari bora na dereva bora, asishindwe na karani.

Lipo pia suala la fedha, ambalo halihitaji maneno mengi. Ukomo wa matumizi ulioanza 2021 kwa dola milioni 145 ni hatua kubwa kuliko zote za miaka ya karibuni. Lakini uamuzi kuhusu Red Bull kuvuka ukomo wa mwaka huohuo wa kwanza ulitoka mwishoni mwa Oktoba 2022: faini ya dola milioni 7 na kupunguziwa majaribio kwa asilimia 10. Shirikisho lilisema halikuona nia mbaya, nami napokea hivyo. Ila kuvuka huko kulihusu msimu ulioamuliwa kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio za mwisho, na jibu likaja bingwa wa msimu uliofuata akiwa ameshajulikana. Hesabu zikichelewa kiasi hicho, kila shabiki hujiandikia hukumu yake, na mabishano hayo hayajaisha mpaka leo. Ongezeni wakaguzi, fupisheni muda.

Mheshimiwa Rais, haya yote nayaandika kwa sababu ya kanuni za 2026. Umeme umebeba karibu nusu ya nguvu ya injini, mbawa zinageuzwa gari likiwa mbioni, DRS imeondoka, mafuta ni ya aina mpya, Audi na Cadillac wameingia. Badiliko kubwa kiasi hiki ni shamba lenye rutuba kwa timu moja kupotelea mbele kwa miaka. Safari hii, tofauti na 2014, mmeandika ndani ya kanuni kwamba FIA itapima injini katika vipindi vya msimu na kumpa nafasi ya ziada ya kuboresha mtengenezaji aliyeachwa nyuma. Niliposoma hivyo nilifurahi sana. Ni kifungu ambacho tungekihitaji miaka kumi na miwili iliyopita.

Ninachoomba ni mkilinde. Yeyote atakayekuwa mbele atakuja ofisini kwenu na mawakili wake kuwaeleza kwamba nafasi hizo ni dhuluma kwake, na yeyote atakayekuwa nyuma atakuja kudai kwamba hazitoshi. Wote wawili watazungumza faraghani, na sisi tutabaki na uvumi. Basi matokeo ya vipimo hivyo yatangazwe hadharani kila kipindi kinapokwisha: injini ya nani iko wapi, nani amepewa nafasi ngapi, na kwa nini. Msibadilishe kiwango katikati ya msimu ili kumbeba au kumbana yeyote. Na timu zitakapoanza kukaribiana, pengine mwaka wa tatu au wa nne, msikimbilie kuleta kanuni nyingine mpya na kuturudisha mwanzo. Mara nyingi tumeona ushindani ukikomaa ndipo unafyekwa.

Tangazo la kwanza la vipimo likitoka kwa jina la kila mtengenezaji na asilimia zake, tutakuwa wa kwanza kulisoma na kukushukuru kwa barua nyingine ya wazi.

Wako mtiifu katika mchezo,
Shabiki wa Formula 1