Barua kwa Binti Yangu Kuhusu Breki za Tela

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, shikamoo yako ya juzi nimeipokea. Mama yako anakusalimu sana, na sisi huku Houston hatujambo. Tumefurahi kusikia kwamba umepata tela la ekseli mbili la kubebea majiko na meza za shughuli yako ya mapishi. Uliniuliza ununue kontrola gani ya breki, yaani kile kifaa cha ndani ya gari kinachoziongoza breki za tela, na kama unaweza kuifunga mwenyewe kwenye pikapu yako ya Tundra bila kumlipa fundi. Kuifunga unaweza, kinachotaka utulivu zaidi ni kuichagua, na kisha kuirekebisha ikishafungwa.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba breki za tela ni za umeme. Matela mengi ya boti, na baadhi ya yale ya kukodi, yana breki za haidroliki zinazojikaza zenyewe tela linapoisukuma gari kwa nyuma, na hayo hayahitaji kontrola. Chungulia nyuma ya gurudumu: ukiona nyaya mbili zinaingia kwenye bamba la breki, basi ni za umeme. Ndani mna sumaku ambayo, umeme ukiifikia, hung'ang'ania uso wa ngoma inayozunguka, ikavutwa nayo kidogo, na kwa mvuto huo ikasukuma mkono unaotanua breki shuu, vile vipande vinavyoibana ngoma kwa ndani. Kontrola yenyewe haishiki gurudumu lolote. Kazi yake ni kuamua sumaku zipelekewe umeme kiasi gani na kwa wakati gani.

Hapo ndipo aina mbili zinapotofautiana. Ya bei nafuu hutazama tu kama umekanyaga pedali, kisha ikapandisha umeme taratibu hadi kiwango ulichokipanga, uwe unapunguza mwendo kidogo kwenye taa za barabarani au unakwepa ajali. Ni kama mtu anayeusukuma mkokoteni kwa nguvu ile ile, mlimani na tambarare. Aina ya pili ina kihisio kinachopima jinsi gari linavyopunguza kasi, nayo hupeleka umeme kwa kadiri hiyo hiyo, kwa hiyo ukikanyaga kidogo tela hushika kidogo, na ukikanyaga kwa nguvu hushika kwa nguvu. Kwa njia zako, ambapo ukitoka Denver kwenda Grand Junction unapita handaki la Eisenhower kwenye mwinuko wa takriban mita 3,400, kisha unateremka hadi Silverthorne kwenye mteremko unaofikia asilimia 7, nakuomba usiifikirie kabisa ile ya kwanza.

Katika aina ya pili, Tekonsha Prodigy P3 huhudumia ekseli moja hadi nne na ina skrini inayokuonyesha hitilafu, nayo inakutosha na kubaki. Zipo pia zinazochomekwa nyuma ya gari na kuongozwa kwa simu, kama CURT Echo, na vijana wanazipenda kwa sababu hazina kazi ya kuzifunga. Mimi sizipendi kwa jambo moja tu: tela likianza kuyumba, dawa yake ni kuiachia pedali ya mafuta na kuzikaza kwa upole breki za tela peke yake, na wakati huo nataka swichi ya mkono ya kontrola iwe chini ya kidole chako, si ndani ya simu.

Kwenye kufunga, tazama kwanza chini ya dashibodi upande wa dereva. Tundra nyingi zilizotoka kiwandani na vifaa vya kuvutia tela zina plagi iliyoandaliwa kwa ajili ya kontrola, na waya wa kuunganishia unaolingana na gari lako unauzwa tayari, hivyo hutakata chochote. Usipoikuta plagi hiyo, nyaya ni nne: mweusi unatoka chanya ya betri kupitia sakiti breka (swichi inayokata umeme ukizidi), mweupe unarudi hasi ya betri, mwekundu unakwenda kwenye swichi ya taa za breki, upande ule unaopata umeme pale tu pedali inapokanyagwa, na wa bluu unapeleka umeme hadi kwenye soketi ya pini 7 huko nyuma. Tela lako lina sumaku nne, na kila moja hula takriban ampea 3, kwa hiyo sakiti breka ya ampea 20 inatosha. Tenganisha hasi ya betri kabla ya kugusa waya wowote. Kontrola yenyewe ifungwe ikielekea sawasawa na mwendo wa gari, kwa sababu kihisio kikikaa upande kitapima vibaya, na iwe mbali na magoti yako na mahali unapofungukia mfuko wa hewa.

Ukimaliza, chukua tela likiwa na mzigo wake wa kawaida, tafuta barabara kavu, tambarare na isiyo na magari, upashe breki moto kwa kusimama mara chache, kisha uende maili 25 kwa saa na kuikaza swichi ya mkono pekee. Ongeza nguvu kidogo kidogo hadi magurudumu ya tela yakaribie kujifunga, halafu rudisha chini kidogo. Kiwango hicho ni cha mzigo huo tu: siku ukirudi na tela tupu kishushe, la sivyo matairi yatakuwa yanaburuzwa. Na kwenye mteremko shusha gia mapema, kwani ngoma hizo nazo huchemka na kupoteza nguvu.

Sheria ya Colorado inataka tela lenye uzito wa jumla wa pauni 3,000 au zaidi liwe na breki, na lako likijaa linafika 7,000. Kwa hiyo kagua pia ile betri ndogo ya tela inayokaza breki likichomoka: vuta pini yake tela likiwa limesimama, ujaribu kulisogeza kwa gari polepole, na magurudumu yakizunguka ujue betri imekufa au waya umekatika. Mara nyingi waya huchubuka ndani ya bomba la ekseli, mahali usipopaona, kwa hiyo anza kutafuta hapo.

Nitumie picha ya chini ya dashibodi kabla hujaagiza, nikuambie waya upi ununue.

Baba yako