Mdogo wangu, panda kitu nje ya geti

Mdogo wangu,

Simu yako ya Jumapili imenikaa moyoni wiki nzima. Ulisema una miezi saba hapo Iyumbu, huku Dodoma, na hujui jina la mtu hata mmoja mtaani kwako. Asubuhi mageti yanafunguliwa, magari na bodaboda zinaelekea Mtumba kwenye ofisi za serikali, jioni mageti yanafungwa. Kisha ukasema neno lililoniuma: "Dada, huku watu hawapendani." Nimeamua kukujibu hadharani badala ya kukutumia ujumbe, kwa sababu najua si wewe peke yako. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, Dodoma imejaa watu waliofika na mabegi yao na barua za uhamisho, kila mmoja akidhani wenzake wote wanafahamiana.

Nina ushauri mmoja tu. Panda kitu nje ya geti. Ndani ya ukuta usipande kwanza. Anzia nje, kwenye ule ukanda wa udongo mwekundu kati ya ukuta wako na barabara.

Kumbuka tulivyolelewa. Huwezi kumpita mtu aliyeinama na jembe ukanyamaza kimya. Utamwambia "Pole na kazi", naye atajibu "Asante, nimeshapoa", hata kama hamjaonana tangu mzaliwe. Mtu aliyesimama getini na simu mkononi humsemeshi, maana utaonekana unamchungulia. Kubisha hodi kwa mtu usiyemjua nako kunataka sababu. Lakini mwenye keni ya kumwagilia anadaiwa salamu na kila apitaye. Na salamu ikishatoka, macho ya mpita njia yanashuka kwenye tuta, na hapo mdomo hauzuiliki tena: hii chainizi mbona ina matundu? Hii ni bamia au rozela? Unatumia samadi ya ng'ombe au ya mbuzi?

Mimi nilifika mwaka 2017, nikimfuata shemeji yako. Unajua Tanga kwetu: unatupa mbegu za boga nyuma ya jiko, mwezi ujao mmea umepanda paa. Nikaja na akili hiyo hiyo. Dodoma haiko hivyo. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Baada ya hapo ni upepo na vumbi hadi mwisho wa mwaka. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda mchicha mwezi wa nane, kwenye matuta marefu yaliyoinuka vizuri kama alivyotufundisha mama. Nikawa namwagilia kwa maji ya kusuuzia nguo, kwa sababu ya bombani yalikuwa ya mgao. Ukaota, ukasimama, ukageuka njano, ukafa.

Ulipokuwa unakufa, ndipo jirani yangu aliponisemesha. Tulikuwa tumetenganishwa na ukuta mmoja kwa miezi sita, na nilichokijua kwake kilikuwa sauti yake tu, akiwaita watoto waje kuoga. Siku hiyo alikuwa anatoka dukani na mkate. Akasimama. "Mama, pole na kazi. Lakini unajichosha bure. Huku kiangazi tuta halinyanyuliwi, linazamishwa."

Akaweka mkate juu ya ukuta, akachukua jembe langu, akanionyesha. Unachimba kitanda kiwe chini ya usawa wa ardhi, kama beseni refu. Udongo uliotoa unaupanga pembeni uwe ukingo. Ndani unachanganya samadi iliyooza, unapanda, halafu unatandaza majani makavu juu. Maji yakimwagwa yanabaki pale pale kwenye mizizi. Tuta la kwetu Tanga kazi yake ni kuondoa maji yaliyozidi, na hapa hakuna maji ya kuondoa. Lililoinuka linapigwa na upepo pande zote na jioni limekauka kama tofali. Aliyaeleza hayo yote akiwa amechuchumaa na nguo zake za kazini. Jioni akarudi na marando ya matembele amefunga kwenye kanga yenye maji. Hayo marando ndiyo mama wa matembele yote unayoyakuta kwangu hadi leo, na huyo jirani ndiye aliyekaa na mimi hospitali usiku mzima nilipojifungua kitindamimba. Wewe ulikuwa bado Tanga. Uliniuliza kwenye simu, "Huyo mama anayekuhudumia ni nani?" Ni yule wa matembele.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kabla sijalima barabarani. Mboga ina majina mengi, na jina linamfichua mtu alikotoka. Nimepanda mgagani, akapita mama wa Pwani akauita mwangani. Nikamwuliza kwao wanaupikaje, tukasimama robo saa. Kijana wa bodaboda alipoona mnavu wangu akasema "mnafu!" kwa sauti ya furaha kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi, kumbe ni wa Moshi, na tangu afike Dodoma alikuwa hajauonja kwa sababu hakujua unauzwa wapi. Nilimfungia fungu akaondoka nalo kwenye tanki la pikipiki. Mwingine wa Kigoma anakiita kisamvu sombe, akanisimulia jinsi mama yake anavyokitwanga na kukiunga kwa mawese. Mtaa wetu una watu wa karibu kila mkoa, lakini ukiwaona wamevaa vitambulisho shingoni wote wanafanana. Wakiinama kwenye bustani, kila mmoja anarudi kwao.

Na wenyeji, mdogo wangu. Usiishi Dodoma ukafahamiana na wageni wenzako peke yao. Kuna mzee mmoja Mgogo alikuwa akipitisha mbuzi wake mtaani kwetu kabla viwanja havijajaa nyumba. Mara ya kwanza aliponiona nalima aliniamkia "Mbukwa!" nami nikababaika, sijui nijibu nini. Akacheka, akanifundisha: nawe unajibu "Mbukwa". Mbuzi wake walikuwa adui wa bustani yangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea matawi ya miiba ya kuzungushia. Alinionyesha ilende, ambayo nilikuwa naing'oa kila siku nikidhani ni gugu. Kumbe ndiyo mlenda wenyewe! Majani yanaanikwa, yanatwangwa, yanahifadhiwa, na kiangazi kirefu familia inakula mboga kwa ugali wa uwele bila kwenda sokoni. Nilijisikia aibu kufikiria nilivyokuwa nautupa.

Huyo huyo mzee ndiye aliyeniokolea mti. Mbele ya ukuta kulikuwa na kisiki cha mgunga kimekatwa wakati wa kusafisha kiwanja, kinachipua vijiti kama ufagio. Nilimlipa kijana aje kuking'oa. Mzee akamsimamisha. Akasema kisiki hicho kiko hai, mizizi yake imeshafika chini kwenye unyevu ambako mche wowote nitakaonunua hautafika kwa miaka mingi. Tukachagua machipukizi matatu yaliyonyooka, mengine tukayakata, na kila mwaka tukawa tunapunguzia matawi ya chini. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndiyo njia inayofundishwa vijijini mkoani huku kwa jina la Kisiki Hai. Leo ule mgunga una kivuli. Shemeji yako aliweka jiwe bapa chini yake, na sasa ni vigumu kutoka nje saa tisa alasiri usikute mtu amekaa pale: mwuza maandazi, mlinzi wa jengo la jirani, binti anayesubiri daladala. Wengine nawajua majina, wengine nawajua kwa mboga wanazozipenda.

Kuhusu mzabibu sitasema sana, utaufikia wakati wake. Aliyenifundisha kupogoa ni fundi bomba aliyekuja kutengeneza mita, mwenyeji wa Hombolo. Aliuona wangu umejaa majani na hauna shada hata moja, akaniambia kwa upole kwamba mzabibu usiokatwa unazaa kivuli. Akachukua mkasi, akaacha macho mawili mawili ya kuchipulia kwenye kila tawi. Watu wa huku wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na siri yake ni huo mkasi.

Sitaki nikupambie. Ukipanda nje, utachumiwa. Mwaka 2020 niliamka alfajiri nikakuta kitanda kizima cha mchicha kimekatwa kwa kisu, sawasawa, kazi ya mtu asiye na haraka. Nililia. Sikuwahi kumjua aliyefanya, na hadi leo nikikumbuka moyo unachoma kidogo. Na mwaka uliofuata kantangaze, yule mdudu mharibifu, aliingia kwenye nyanya akazimaliza zote, majani yakawa kama yameunguzwa na moto. Lakini hata hapo nilijifunza kitu: nilipokaa pale chini nikizitazama, watu wanne tofauti walisimama kunipa pole. Pole ya kweli, kama ya msiba. Mmoja alikuwa bwana mkubwa wa ofisi ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinipita na kioo cha gari kimefungwa. Alishuka. Akasema kwao Iringa nyanya za mama yake ziliisha hivyo hivyo, na mama hakulima tena. Tulibaki kimya wawili pale kwenye vumbi. Tangu siku hiyo anashusha kioo.

Ndiyo maana sikubaliani nawe kwamba watu wa huku hawapendani. Nadhani wanaogopana, na kila mmoja anasubiri sababu ya kuanza. Majirani zako nao, nina hakika, wamempigia mtu simu Jumapili wakalalamika kama wewe.

Sasa sikiliza. Ule ukanda wa nje ni wa barabara, si wako, kwa hiyo usijenge wala usipande mti mkubwa utakaofika kwenye nyaya za umeme. Anza na matembele, kwa sababu hayasumbui na marando yake ni rahisi kugawa. Mtu akisema "mazuri haya", unamkatia papo hapo. Panda na mlonge mmoja pembeni, watu watakuomba majani yake kwa dawa na kwa mboga, na wengi watakuwa wazee. Maji ya kusuuzia yanatosha, ila yale ya povu jingi usiyamwage. Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi, ongeza samadi na uwe unamwagilia jioni, tena kwa wingi mara moja badala ya kidogo kidogo kila saa. Na mwagilia ukiwa nje mwenyewe, kwa keni. Najua una mpira mrefu unaoweza kufika ukiwa umekaa barazani. Uache.

Nitakuja Jumamosi asubuhi. Nitabeba marando kwenye gunia bichi, pamoja na samadi debe moja niliyopewa na mzee wa mbuzi, ambaye siku hizi anafugia Chololo kwa mwanawe na bado hunitumia salamu. Wewe chimba kabla sijafika. Kitanda kimoja tu, urefu wa mkeka, kina cha kiganja. Toka saa kumi na mbili na nusu, wakati watu wanakwenda kupanda magari. Akitokea mtu akakwambia "Pole na kazi" kabla sijafika, usikimbilie ndani. Muulize kwao matembele wanayaunga na nini.

Dada yako