Kaka yangu naye alikufa kwa UKIMWI

Mhariri,

Gazeti lako linaingia nyumbani kwangu tangu nikiwa muuguzi kijana, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Makala ya Jumapili iliyopita juu ya yule Mmarekani wa filamu za ngono, Casey Donovan, imenishinda kuinyamazia.

UKIMWI mmeuweka kwenye kichwa cha habari, mkaurudia chini ya picha, na aya ya mwisho mkaufanya hukumu: mwanaume aliyelala na wanaume, basi amevuna alichopanda. Maisha yake mmeyamaliza kwa mistari minne, na mmoja kati ya hiyo ni wa kumsuta kwa kutumia jina la bandia. Waimbaji wetu wangapi wanaimba kwa jina la cheti cha kuzaliwa?

Jina lake la nyumbani lilikuwa John Calvin Culver, mzaliwa wa 1943 wa East Bloomfield, jimbo la New York. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanamitindo na mwigizaji wa jukwaani. Filamu iliyompa jina ilipigwa katika kisiwa cha Fire Island, jimbo hilohilo, na Wakefield Poole, mtu aliyetokea kwenye dansi, kwa dola kama 8,000 tu. Ilifunguliwa Desemba 29, 1971 katika ukumbi wa kawaida wa sinema jijini New York na kutangazwa katika New York Times, wakati ambapo mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa bado kosa la jinai katika jimbo hilo. Mwaka uliofuata alikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, katika mchezo mmoja na nyota wa sinema Ingrid Bergman. Filamu zake sijaziona na sitaziona. Lakini huyo ni mtu mzima aliyeishi miaka 43, na mwandishi wenu alipaswa kutuambia aliishije.

Alikufa Agosti 10, 1987. Dawa ya kwanza ya UKIMWI ilikuwa imeidhinishwa Marekani Machi mwaka huohuo, na Rais Reagan alikuja kutoa hotuba nzima juu ya ugonjwa huu Mei 31, wakati wagonjwa walishakufa kwa maelfu. Mchanganyiko wa dawa unaomwacha mtu azeeke ulikuja 1996. Haya hayamo kwenye makala yenu, na bila haya msomaji anabaki kudhani mtu aliuawa na dhambi.

Sasa nikwambie kilichoniuma hasa. Kaka yangu naye alikuwa mwalimu. Alifariki Machi 1994. Mimi ni mtu wa Kagera, tulikoona wagonjwa wa kwanza wa nchi hii mwaka 1983, na nilimuuguza kwa mikono yangu miaka miwili: kumgeuza kitandani, kufua mashuka usiku majirani wasiyaone, kumlisha uji kwa kijiko cha chai kwa sababu kinywa chote kilikuwa kidonda. Alipofariki nikaenda kwenye dirisha la matangazo la gazeti moja na karatasi yangu ya tanzia. Niliandika kwamba amekufa kwa UKIMWI, kwa kuwa mwenyewe aliniagiza wanafunzi wake wajue. Kijana wa dirishani akachukua rula na kalamu nyekundu, akalikata neno lile polepole, mstari ukanyooka. Juu yake akaandika "kuugua kwa muda mfupi". Nilipobisha akaniambia, "Mama, hatuandiki hivyo kwa watu wa heshima." Neno langu moja likawa manne, na yote manne nikayalipia. Kumbe ugonjwa una jina mkitaka kumwaibisha marehemu, na hauna jina akiwa wa kwenu!

Na hilo la kulipia maneno nalo ni dhuluma hadi leo. Mfiwa anakuja na macho mekundu anahesabiwa wajukuu mmoja mmoja. Mwaka jana jirani yangu alimwacha mama mkwe nje ya tangazo kwa kukosa fedha, ugomvi mpaka leo haujaisha. Picha ikatoka giza tupu, na fedha hazikurudi.

Ninachotaka ni hiki. Jumapili ijayo, ukurasa uleule, herufi za ukubwa uleule, andikeni upya habari za Calvin Culver: alizaliwa wapi, alifundisha, aliigiza nini, na dawa zilikuwa wapi alipougua. Kisha fomu ya tanzia iwe na mstari wa sababu ya kifo, ujazwe na familia, na msiutoze.

Machi inakuja na nitaleta kumbukumbu ya kaka yangu dirishani kwenu mwenyewe. Nimeshaiandika, maneno thelathini na mawili, na UKIMWI umo. Mwambie kijana wako aipokee ilivyo.

Muuguzi mstaafu,
Bukoba