Mama Nasri, usisaini kwanza

Asalaam aleikum shoga yangu Mama Nasri,

Najua utasema leo huyu kafufuka. Miezi mitano hata mstari mmoja, voisi zako nazisikiliza nikiwa kazini nasema ntajibu nikitoka, nikitoka nalala, nikiamka nakuta umetuma nyingine umenuna. Nisamehe mwenzangu. Sisi huku wazima, baridi tu ndo imeingia na mimi kila mwaka inanikuta sina glavu, hofu na mashaka ni kwenu. Mama niliongea naye Jumapili, mguu anasema afadhali. Baba Nasri msalimie, mwambie ile jezi sijaisahau, mzigo haujapata mtu.

Haya. Sasa hivi huku Columbus, Marekani, saa tisa usiku, huko kwenu saa tano asubuhi, wazee ninaowatunza wote wamelala isipokuwa yule bibi wa chumba cha mwisho anayeniita jina la mwanawe, na mimi nimekaa hapa na laptopu na daftari. Nilikuwa nafanya homweki ya hesabu. Usicheke! Ndio, hesabu, mimi, yule yule wa kutazamia kwako mpaka Mwalimu Kobe akatutenganisha madawati. Na homweki yenyewe ndo imenifanya nikuandikie, maana ile voisi yako ya wiki iliyopita kuhusu mkopo wa friza nimeisikiliza mara nne, na mara ya nne nilikuwa na kalamu mkononi. Ntafika huko, subiri.

Kwanza nikwambie ilivyokuwa. Si nasoma ustawi wa jamii, nikajua nimeshakimbia namba maisha yangu yote, kumbe hawa watu hata ukisoma kuimba lazima upite kwenye somo moja la hesabu ndo wakupe cheti. Kuna darasa lao kabisa la watu wasiosoma sayansi, yaani sisi wakimbizi wa hesabu, tena niliandikisha la mtandaoni kwa sababu ya shifti. Wiki 16. Hakuna ubao, hakuna fimbo, kuna video unatazama mwenyewe, na mazoezi unajibu kwenye programu fulani ambayo kuingia tu nimelipa karibu dola mia, na haina adabu hata kidogo. Unaandika jibu sahihi inakwambia umekosa. Kwa nini? Umeweka alama ya dola. Unarudia. Umekosa, hujakadiria mpaka senti. Unarudia. Umekosa, umeweka koma kwenye elfu. Wiki ya pili nililia kweli, nikafunga laptopu nikasema mimi F yangu ya fomu foo inanitosha, kwani nani aliniambia nije kusumbuka na ubeba boksi wangu.

Kilichonirudisha ni kura. Sikiliza hii maana itakuchekesha. Unakumbuka ugomvi wa sare kwenye harusi ya mdogo wake Mwana? Sasa chukua wanawake tisa. Wanne wanataka bluu, ikikosekana kijani, na pinki hawaitaki kabisa. Watatu wanataka pinki, kisha kijani, bluu mwisho. Wawili wanataka kijani, kisha pinki, bluu mwisho. Ukihesabu kura za kwanza tu, bluu imeshinda kwa nne. Ukimtoa wa mwisho ambaye ni kijani ukarudia kati ya rangi mbili zilizobaki, wale wanawake wawili wa kijani wanahamia pinki, pinki inashinda tano kwa nne. Na ukishindanisha rangi mbili mbili, kijani inaipiga bluu tano kwa nne, inaipiga pinki sita kwa tatu, kijani ndo mshindi! Watu wale wale, roho zile zile, sare tatu tofauti. Nilikaa nikaangalia ile karatasi kama nimeona jini. Kumbe shangazi hakuwa mchawi, alichagua tu njia ya kuhesabu. Na kuna profesa wao mmoja, Kenneth Arrow, mwaka 1951 alithibitisha kwamba chaguo zikishakuwa tatu au zaidi hakuna namna ya kujumlisha upendeleo wa watu itakayotimiza masharti yote ya haki aliyoyapanga, lazima moja livunjike. Baadaye alipewa Nobeli ya uchumi. Sasa mimi najiuliza, tungefundishwa hivi pale shuleni si ningekaa macho? Sisi tulipewa x tukaambiwa itafute, hatukuambiwa ilipotea wapi.

Na kuna hii ya majimbo yao. Viti vya bunge wanagawana kwa idadi ya watu, sasa mtu hagawanyiki, kile kipande kinachobaki apewe nani? Baada ya sensa ya 1880 karani wao mmoja akapiga hesabu akakuta bunge likiwa na viti 299 Alabama inapata 8, likiongezwa kuwa na viti 300 Alabama inapata 7. Umeongeza kiti, mtu kapungukiwa! Kama ile pilau ya kule Ngamiani, sufuria iliongezwa na sisi tukakosa nyama.

Halafu mtihani wa katikati, weee. Unaufanya nyumbani lakini kamera inakuangalia. Unageuza laptopu uonyeshe chumba chote, meza, chini ya kitanda (una habari mimi chini ya kitanda nina nini, aibu tupu), karatasi pande zote mbili, ndo uanze. Nikafanya vizuri kabisa nikafurahi. Kesho yake napata ujumbe kwa mwalimu, programu imenitilia shaka, inasema mdomo wangu ulikuwa unacheza mtihani mzima, je nilikuwa naongea na nani chumbani? Moyo ulinidunda shoga, huku ukishikwa na wizi wa mtihani unaweza kufukuzwa. Ikabidi tuonane kwa video. Nikamwambia mwalimu mimi sikuongea na mtu, mimi nahesabu kwa Kiswahili na kwa mdomo, ndivyo nilivyofundishwa, kichwani peke yake hazikai. Akanitazama. Akasema haya zidisha 17 mara 6. Nikaanza pale pale, sita mara saba arobaini na mbili, andika mbili mkononi nne, sita mara moja sita, ongeza nne kumi, mia na mbili. Yule baba alicheka mpaka miwani ikateremka. Akanirudishia maksi zangu, 81! Akasema mtihani ujao nitaandikiwa ruhusa ya kuhesabu kwa sauti. Nina ruhusa rasmi ya kunong'ona, Mama Nasri, nani kama mimi.

Sasa friza.

Umesema laki sita, miezi sita, riba "asilimia kumi tu shoga" kwa mwezi, hawataki hati wala mdhamini, kitambulisho tu na picha. Ukasema utarudisha laki moja na elfu sitini kila mwezi. Mimi wiki hii sura yetu ndo hiyo hiyo, mikopo, nikasema ngoja nimpigie hesabu mwenzangu. Laki moja na sitini mara sita ni laki tisa na elfu sitini. Riba elfu 360. Wewe unaijua hiyo, ulishapiga kabla yangu, wewe ndo ulikuwa na B. Ila angalia mwezi wa sita. Kila mwezi unarudisha laki moja yao ndani ya ile laki na sitini, si ndio? Kwa hiyo ukifika mwezi wa sita pesa yao iliyobaki mkononi mwako ni laki moja peke yake. Na bado wanakutoza elfu sitini. Elfu sitini juu ya laki moja, asilimia ngapi hiyo? Sitini! Kumi ilikuwa mwezi wa kwanza tu, baada ya hapo unalipia riba hela ambayo ulishawarudishia.

Kama ingekuwa kumi ya kweli, inayopungua kadiri deni linavyopungua, ungelipa elfu sitini, halafu hamsini, arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Jumla laki mbili na elfu kumi. Tofauti ni laki na nusu. Laki na nusu ni barafu za ukwaju ngapi, hebu niambie wewe unayeziuza.

Na ile elfu thelathini ya fomu wanayokata juu kwa juu? Ukiitoa mkononi unapata laki tano na sabini, lakini riba ya laki sita. Nikaingiza yote kwenye kikokotoo chao cha darasani, nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea koma tena, inatoka asilimia 17 na ushee kwa mwezi. Kwa mwaka inapita 200. Hao ndo kausha damu wenyewe shoga, wamevaa tai tu. Mbali na ile ya dini ambayo wewe unaijua kuliko mimi, siingii huko.

Usinione najifanya mwalimu. Mimi mwenyewe wiki hiyo hiyo tuliambiwa kila mtu achukue deni lake aliweke kwenye hesabu, nikachukua kadi yangu ya mkopo, ile niliyonunulia tiketi ya kuja msibani. Dola 1,200, asilimia 24 kwa mwaka, yaani mbili kila mwezi. Nilikuwa nalipa dola 35, najiona mwaminifu. Kumbe 24 zote riba, kwenye deni zinaingia 11. Kumi na moja! Kwa mwendo ule ningemaliza baada ya karibu miaka mitano na ningekuwa nimelipa dola elfu mbili na zaidi. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikasema kumbe mimi nabeba wazee wa watu usiku kucha ili… basi tu. Sasa hivi nalipa mia kila mwezi na chai ya dukani nimeacha.

Kwa hiyo hasira zangu si kwako. Ni kwamba wewe ndo ulinifundisha asilimia, chini ya ule mwembe, kwa maembe yenyewe, unakata unasema hii ni robo hii ni asilimia 25 kula. Na mtu wa namna hiyo anakuja kuandikiwa "asilimia kumi" na kijana wa kaunta. Huyo kijana akikuuliza sema una mwanasheria Marekani, hehe.

Nimewaza hivi, lakini wewe ndo upo huko unajua. Kikoba chenu si kinavunjwa karibuni? Ukisubiri gawio ukaongeza, ukachukua friza ya mtumba pale Mgandini badala ya mpya, hiyo laki sita inashuka mpaka wapi? Mimi mtihani wa mwisho ukiisha naweza kukutumia dola mia, si mkopo, usije ukaniletea daftari. Zaidi ya hapo kwa sasa sina, ukweli wa Mungu. Na kama umeshasaini usinifiche, wala usione aibu, tutapiga hesabu ya kuwahi kumaliza, ila lazima uwaulize kwanza: ukilipa mapema wanapunguza riba au unalipa yote ile ile? Wengi hawapunguzi. Uwaulize mbele ya mtu.

Nimeandika mpaka bibi kaamka, anataka chai saa hizi. Ngoja.

Nimerudi. Kanywa nusu, kaniambia mimi ni binti mzuri niolewe na nani vile. Haya.

Jambo langu sasa, maana na mimi nina shida. Mtihani wa mwisho Jumatatu ijayo, umebeba kila kitu kuanzia wiki ya kwanza, na uwezekano bado unanisumbua, hasa ile ya kutoa mpira kwenye mfuko bila kuurudisha. Naelewa nikisoma, nikifunga daftari inakimbia. Unaweza kunipa saa moja Jumamosi? Saa nne usiku kwako, huku itakuwa saa nane mchana, nimeamka. Utaniuliza tu kama zamani, mimi nitajibu kwa sauti kubwa, ruhusa ninayo. Tutumie maembe kama yapo, au hata ndimu, weka kwenye mfuko mbichi na mbivu uchomoe.

Sasa nijibu vyote, usinichagulie: umesaini au hujasaini? Kama hujasaini umeshawaachia kitambulisho au hata nakala yake? Baba Nasri anajua? Hiyo friza mpya wamekwambia bei gani na inakula umeme kiasi gani, maana LUKU nayo iingie kwenye hesabu. Shule zikifungwa hizo barafu unamuuzia nani? Nasri kaanza darasa la ngapi, na hesabu anazipenda au kanifuata mimi? Mwalimu Kobe bado yupo? Kama yupo mwambie… hapana usimwambie kitu, nifaulu kwanza.

Mimi wako wa dawati la nyuma,
Shoga wa boksi

N.B. Voisi yako ya kujibu usiitume kwenye grupu kama ile ya mwezi wa tatu. Na saba mara nane bado nainong'ona mara mbili ndo naiandika.