Mwanangu, kabla hujaanza kufundisha ngoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nimefurahi mno kusikia umepata darasa la watu 15 huko Ujerumani. Naanza na ngozi, kwa sababu ngoma mbovu humfanya mwanafunzi adhani mkono wake ndio mbovu.

Ngozi ya mbuzi iloweke usiku kucha kwenye maji baridi. Maji ya moto huisinyaza na kuidhoofisha. Mstari wa uti wa mgongo upite katikati kabisa. Ukienda pembeni, upande mmoja utalia tofauti na mwingine. Wanasema mwamba ngoma huivutia ngozi kwake, lakini wewe vuta huku, kisha upande unaoelekeana nao. Ngoma ya mambo, yaani vile vigingi vinavyoishika ngozi, ivute ingali mbichi, maana ikishakauka umebakiwa na moto tu wa kuikazia. Ya kamba usiimalize siku hiyohiyo: ngozi hujikaza yenyewe ikikauka, na iliyovutwa kupita kiasi itachanika. Iache kivulini siku 4 au 5, ndipo ukaze.

Huku pwani masika hulegeza ngozi, tukaipasha kwenye moto wa makuti. Huko ni kinyume. Wakati wa baridi nyumba zinapashwa joto kavu, ngozi inazidi kukaza, na inaweza kupasuka usiku bila kuguswa na mtu. Legeza kamba kila ukimaliza somo. Na ngoma ya ngozi ya kenge usisafiri nayo bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, forodhani wataichukua.

Darasani, pete zivuliwe. Dakika 20 za mwanzo ziwe za sauti tatu tu. Besi: kiganja katikati, mkono uruke papo hapo. Sauti ya wazi: vidole vimebanana, ukingoni. Kofi: vidole vimelegea na kuachana kidogo. Wengi huuacha mkono juu ya ngozi, sauti inakufa, wanaongeza nguvu, viganja vinavimba. Wafundishe kuinua mkono, nguvu waziache.

Tatu juu ya mbili, yaani mapigo matatu na mawili yanayokwenda pamoja, isianzie kwenye ngoma. Wahesabu hadi 6: mguu kwenye 1 na 4, makofi kwenye 1, 3 na 5. Wakianza kukimbia, na watakimbia, usiwafunike kwa kupiga kwa nguvu. Mpe kengele aliyetulia, wengine washushe sauti mpaka waisikie.

Ukifika kwenye ngoma za Burundi, zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, taja kwao na kazi ya kila moja: inkiranya huongoza, ibishikizo huifuata, amashakwe hushika pigo lisilobadilika. Wape amashakwe wanafunzi wako bora. Wengi hudhani ni sehemu ya wanaoanza, na hapo ndipo kundi zima huporomoka. Na wanawake wakisita kushika ngoma, waanzishie ngoma ya muheme. Kwa Wagogo wa Dodoma, wapigaji wake ni wanawake.

Ni mimi,
Baba yako