Malalamiko: tairi lililovimba ubavu na matairi mawili mliyoniuzia

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUTIWA TYUBU TAIRI BOVU, NA KUUZIWA MATAIRI YASIYO SAIZI YA GARI LANGU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeambatanisha nakala za risiti mbili, moja ya matengenezo na nyingine ya ununuzi wa matairi mawili, pamoja na picha. Msimamizi wa karakana yenu nimeshaongea naye, na jibu lake lilikuwa "tairi likishafungwa halirudi". Ndiyo maana barua hii inakuja kwako.

Gurudumu la mbele kushoto lilipiga ukingo wa shimo. Upepo haukutoka, ila ubavuni palichomoza uvimbe wa ukubwa wa yai. Nikafunga spea, nikawaletea tairi hilo. Fundi wenu alilibonyeza kwa kidole gumba, akasema ni upepo umejipenyeza kati ya mpira na mpira, jambo la kawaida. Akapachika kipande cha mpira kwa ndani, akatia tyubu, akanirudishia kama tairi zima. Kazi hiyo nililipia.

Siwafundishi kazi, lakini jambo hili ni la msingi kiasi kwamba sitegemei kulieleza kwa kampuni inayouza matairi. Kinachobeba upepo ubavuni si mpira, ni nyuzi zilizofumwa ndani yake. Tairi likibanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, nyuzi hizo hukatika, na pale zilipokatika upepo unausukuma mpira nje. Huo ndio uvimbe. Hauna kiraka wala gundi. Pancha ya msumari katikati ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, inazibika vizuri, ilimradi tundu lisizidi milimita 6 na tairi livuliwe lizibwe kwa ndani; ubavuni na kwenye bega la tairi hapazibwi. Tyubu nayo ilizidisha hatari. Tairi lisilo la tyubu likichomwa msumari hupungua upepo polepole na dereva anapata muda wa kusimama. Tyubu ikipasuka, upepo wote unatoka kwa mkupuo. Kwa hiyo mlichukua tairi lililokuwa limeshatoa onyo, mkalifanya liwe la kupasuka bila onyo, tena gurudumu la usukani.

Uvimbe ulirudi ukiwa mkubwa zaidi na usukani ukaanza kutetemeka. Niliporudi kwenu nilipokelewa na fundi mwingine, ambaye alitikisa kichwa na kusema tairi lile halikupaswa hata kuguswa. Hapo nilidhani nimefika kwa mtu anayejua. Alinishauri ninunue mawili, kwa kuwa lile la upande wa pili lilikuwa limelika, na tairi jipya halifai kukaa ekseli moja na lililochakaa. Ushauri huo ulikuwa sahihi na nilikubali bila kubisha.

Kilichofungwa baada ya hapo ndicho kiini cha malalamiko yangu.

Gari langu linataka 205/55 R16 91V. Imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mlango huo ulikuwa wazi muda wote mafundi wenu walipokuwa wakifanya kazi. Nilichouziwa ni 205/50 R16 87V. Nilipouliza kuhusu hiyo 50, muuzaji alinijibu kwamba rimu ni 16 na tairi ni la 16, "limeingia, basi". Kweli limeingia. Hata viatu vya mtoto vinaweza kulingana upana na vya babake, lakini havimchukui. Namba ya kwanza, 205, ni upana wa tairi kwa milimita; hiyo ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo: 55 inatoa karibu milimita 113, 50 inatoa kama 102. Ukijumlisha juu na chini, gurudumu zima limepungua kimo kwa takribani milimita 20. Magurudumu ya mbele sasa yanazunguka haraka kuliko ya nyuma kwa mwendo uleule, na tangu siku hiyo taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki, imekuwa ikiwaka kwenye dashibodi. Mfumo ule hufanya kazi kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu.

Kubwa kuliko hilo ni mzigo. 91 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615. 87 ni kilo 545. Kwa ekseli nzima mmenipunguzia kilo 140, na ni ekseli inayobeba injini. Herufi ya mwisho, V, ambayo ni kiwango cha kasi, haina tatizo. Nalitaja hilo ili isisemwe kwamba natafuta kasoro kwa nguvu.

Halafu lipo suala la neno "mapya" lililoandikwa kwenye risiti. Matairi yote mawili yalifungwa upande wenye tarehe ukiangalia ndani, kwa hiyo ilinibidi nilale chini ya gari na tochi ya simu. Mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: la kulia linasomeka 3519, la kushoto 0816. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Moja lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2019, lingine wiki ya 8 ya mwaka 2016. Hata mapacha hamkunipa. Hilo la 2016, ukikunjua kashata kwa vidole, unaona nyufa nyembamba kama unywele chini ya mfereji, ingawa vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vipo. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji kadhaa wa matairi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafikisha miaka 5 ya matumizi, na wanaweka kikomo cha miaka 10 kinachohesabiwa tangu lilipotengenezwa, si tangu lilipouzwa. Sehemu kubwa ya umri niliolipia imeliwa stoo kwenu.

Kuhusu kuyafunga mbele, niliuliza nikajibiwa kwamba mapya huenda kwenye usukani siku zote. Ushauri wa watengenezaji ni kinyume chake: ukinunua mawili, yenye kashata ya kina zaidi yakae nyuma. Barabara ikilowa, mbele pakiteleza dereva anahisi kwenye usukani na anapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza, gari linageuka kabla hajajua kinachoendelea. Na hakuna aliyepima kina cha kashata za matairi yangu ya nyuma ili kujua kama yako mbali na milimita 1.6, kina ambacho kashata haipaswi kushuka chini yake.

Ninachodai ni hiki. Myachukue matairi hayo mawili na kunipa mawili ya 205/55 R16, mzigo 91 au zaidi, kasi V au zaidi, ya aina moja, ambayo tarehe zake nitazisoma mwenyewe kabla hayajapandishwa kwenye rimu. Yafungwe nyuma, yabalansiwe, upepo ujazwe kwa kipimo cha kibandiko badala ya kukadiria kwa macho. Rimu iliyopiga shimo ikaguliwe kama imepinda, na alaimenti ipimwe. Fedha ya kazi ya tyubu irudishwe yote. Ikiwa saizi hiyo hamnayo, nirudishieni bei kamili ya matairi nikanunue kwingine. Tairi langu lililovimba, ambalo lilibaki karakana, nalo nalitaka kwa kuwa ni ushahidi.

Matairi hayo mawili nimeyavua na gari nimeliegesha. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likitaja siku mtakayokuja kuyachukua. Nisipolipata, nitapeleka nakala ya barua hii, risiti na picha za hizo tarakimu kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji.

Wako,

Mteja, mwenye risiti zilizoambatanishwa